Shingo ya Kipa

Mimi ndiye niliyewasomea mkataba. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza, na katibu wa klabu hakuwa na subira ya kueleza, akanikabidhi makaratasi. "Dokta, wewe wanakusikiliza," alisema. Mimi si daktari. Nimesomea tiba ya viungo: kunyoosha misuli, kufunga vifundo vilivyoteguka, kumfundisha mtu kutembea upya baada ya ajali. Lakini kwenye timu ya mpira, yeyote mwenye mkoba wa dawa huitwa dokta, na mimi niliacha kuwarekebisha mwezi wa kwanza tu.

Tulikaa sebuleni kambini, kwenye nyumba ya kupanga huku Ilemela, wengine kwenye makochi na wengine sakafuni. Nikafika kwenye kipengele kinachosema mchezaji haruhusiwi kupanda pikipiki, kucheza ndondo, zile mechi za mtaani, kuogelea ziwani, wala kufanya jambo lolote la hatari linaloweza kuudhuru mwili wake. Wakaangua kicheko. Nahodha, beki wa kati mwenye mabega mapana na sauti ya kuamuru, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Na kuoa je, Dokta? Maana mimi tangu nioe mgongo hauniachi."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka. Kisha kila mmoja akasaini.

Nilijua kwamba hawatakifuata. Meza yangu ya kuchulia haidanganywi. Mtu anakuambia ameanguka kitandani, halafu unamkuta na mchubuko mrefu wa lami kwenye paja. Mwingine anasema kidole kimegongwa na mlango, kumbe Jumamosi alikuwa Buswelu, kwenye kiwanja cha changarawe, anachezea timu ya shemeji yake kombe la mbuzi. Niliwaona wakirudi na mgongo uliobabuka jua na mchanga wa ziwa masikioni. Kwenye daftari langu niliandika "maumivu ya kawaida". Nilijiambia kwamba ninawalinda. Wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wamefungiwa kambini wiki nzima, kula kwa ratiba, kulala kwa ratiba, kupigiwa kelele na kocha asubuhi na mashabiki jioni. Nilidhani kidogo cha kuwafurahisha hakitamuua mtu.

Kipa wetu alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mkerewe, mrefu, mwenye mikono ambayo ukiiona imening'inia unafikiri ameazima ya mtu mwingine. Uwanjani alikuwa mtu wa makelele, anawapanga mabeki wake kama mama anayewapanga watoto foleni ya kunawa. Ila mimi nilikuwa najua jambo ambalo wengine hawakulijua. Kabla ya kila mechi alizunguka nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo akatapika. Nilimkuta huko mara ya kwanza kwa bahati mbaya. Baada ya hapo nikawa namsubiri na chupa ya maji, anasukutua, ananirudishia chupa bila kunitazama, anaingia uwanjani.

Jumapili ile tulishinda nyumbani kwa goli moja, na zikiwa zimebaki dakika chache yeye akaokoa penalti. Watu walimbeba. Jumatatu ilikuwa mapumziko, kocha akaenda kwake Mkuyuni kuona familia. Asubuhi nahodha akaja mlangoni kwangu nikiwa napanga bandeji.

"Dokta, twende ziwani tukale samaki. Leo hakuna kazi."

"Kula tu?"

"Kula tu. Njoo utuchunge kama hutuamini."

Ningeweza kuandika hapa kwamba nilikwenda kuwachunga. Ukweli ni kwamba nilifurahi kualikwa. Mwanamke peke yangu kwenye timu ya wanaume, miezi yote ile walikuwa wakininyamazia kila nikiingia. Nikamtumia mume wangu ujumbe kwamba nitachelewa, nikabeba mkoba wangu kwa mazoea, nikaenda nao. Tulikuwa saba.

Mahali penyewe ni kando ya mwalo mdogo wa wavuvi, mbele kidogo ya uwanja wa ndege. Kuna mama mmoja anakaanga sato chini ya paa la bati, meza zake ni mbao zilizopigiliwa juu ya vigingi. Pembeni yake mawe makubwa yamepandana hadi ndani ya maji. Tulikula kwa mikono, tukanywa soda, ndege ikapita chini chini juu yetu ikienda kutua, wao wakaipungia mikono kama watoto. Kisha mmoja akavua shati. Nahodha akavua lake. Hakuna aliyenitazama.

Mimi nimezaliwa Buswelu, kwa watu wa ng'ombe na mihogo. Ziwa lilikuwa jirani lakini mama alituzuia hata kulisogelea, na mpaka leo maji yakifika kiunoni naanza kuhema. Kwa hiyo nilibaki nimesimama kwenye mchanga na sahani mkononi, nikiwaangalia wakipanda jiwe la kwanza, refu kama mtu na nusu, na kuruka kwa miguu. Walizama, wakaibuka wakipiga mayowe, wakapanda tena.

Nikasema, "Jamani."

Neno hilo moja ndilo lote nililofanya siku ile kama mtu niliyepewa miili yao kuitunza. Nimelirudia kichwani mara nyingi tangu hapo, na kila nikilirudia naliona jepesi zaidi.

Kipa hakuridhika na jiwe la kwanza. Alikulia majini. Kwao, alituambia, mtoto huogelea kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akapanda la pili, akaruka. Kisha akazunguka upande wa nyuma, akapotea kidogo, tukamwona ameibukia juu ya jiwe la tatu ambalo hakuna aliyelitumia. Ukiwa chini yake ulilazimika kuinua kidevu kumwona. Winga wetu, kijana mwembamba asiyeachana na simu, akaanza kurekodi.

"Penalti!" winga akamwita. "Kona ya kushoto!"

Kipa akacheka, akatanua mikono yake mirefu vile vile anavyoitanua langoni, akajirusha. Kichwa chini.

Mwaka ule maji yalikuwa yameshuka. Kila aliyeishi ufukweni alijua hivyo, ungeona alama ya weupe kwenye mawe pale maji yalipokuwa yakifika zamani. Hatukuitazama.

Alipoingia hakukuwa na kelele ya ajabu. Akaibuka mgongo juu, uso ndani ya maji, akabaki hivyo. Wenzake wakaanza kucheka kwa sababu ulikuwa mchezo wao, kujifanya maiti. Mimi niliona mikono. Anayejifanya maiti huwa anaishikilia mikono yake, hata bila kujua. Yake ilikuwa inaelea na kugeukageuka na mawimbi kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.

Sikumbuki kuweka sahani chini. Nakumbuka maji ndani ya viatu, kisha kwenye mapaja, na sauti inayopiga kelele ambayo ilikuwa yangu.

"Mgeuzeni! Mgeuzeni uso juu! Lakini msimkunje shingo! Kichwa na mgongo pamoja, kama gogo!"

Nahodha alimfikia kwanza. Alitaka kumkumbatia kifuani amvute, kama mtu yeyote angefanya. Nikamtukana. Mimi ambaye sijawahi kumtukana mtu, nilimtukana nahodha tusi zito mbele ya wote, na akaganda. Nikamwambia aweke mikono ya mwenzake juu, pembeni ya masikio, aibane, kisha amgeuze taratibu. Akafanya. Uso ukatoka majini. Kipa alikohoa, akatema maji, akafungua macho.

Alikuwa hai. Ungedhani nilipata nafuu hapo. Hapo ndipo woga wenyewe ulipoanza, kwa sababu mimi nilijua kinachoweza kuja baada ya pale na wao hawakujua. Kwenye shingo kuna mifupa midogo, na ndani yake unapita mshipa unaopeleka amri za ubongo mwili mzima: kutembea, kushika, kupumua. Mfupa ukivunjika, mshipa unaweza kuwa bado mzima. Halafu mtu mwenye huruma anamwinua mgonjwa kwa kwapa, kichwa kinalegea mara moja, na ndiyo basi. Kuna wanaoacha kupumua hapo hapo mikononi mwa ndugu zao.

Nikasogea hadi maji yakanifika kifuani, nikakishika kichwa chake kwa viganja viwili, vidole chini ya fuvu.

"Dokta," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Umenishika?"

"Nimekushika."

"Wapi?"

"Kichwani. Hunisikii?"

"Kichwani nasikia. Huko chini hakuna mtu."

Nahodha akageuza uso akaangalia upande mwingine.

Tulihitaji ubao. Nikapiga kelele kwa mama wa samaki, na yule mama hakuuliza swali. Alikunja mkono akafagia sahani zote za meza moja zikaanguka mchangani, akawaambia vijana wang'oe ubao wake. Wakaung'oa na misumari yake. Tukauingiza chini ya maji, tukauacha uibuke chini ya mgongo wake. Mama akavua khanga yake ya juu, akaleta na nyingine mbili. Nikaviringisha moja kila upande wa shingo, na ya tatu nikamfungia paji la uso kwenye ubao. Watu watano wakainua kwa hesabu yangu. Moja, mbili, tatu. Sijawahi kuhesabu hadi tatu kwa woga namna ile.

Gari la wagonjwa tulilipigia simu, wakasema linakuja, liko mbali. Pale mwaloni ilikuwepo pikapu ya mzee mmoja mfanyabiashara, Mhindi wa hapa hapa Mwanza, aliyekuwa amekuja kununua samaki. Alikuwa ameshaona. Kabla sijamwomba alikuwa anawaamuru wapakiaji wake washushe makreti ya barafu, samaki wakabaki juani. Dereva wake akashika mlango, mzee akamtoa.

"Naendesha mwenyewe," alisema. Akanigeukia. "Binti yangu, piga bati kwa mguu. Ukipiga mara moja, nasimama. Mara mbili, naenda."

Nilipiga magoti nyuma ya pikapu, kwenye maji ya barafu na magamba, kichwa cha kipa katikati ya magoti yangu, viganja vyangu pembeni ya masikio yake. Nahodha na winga walishika ubao. Njia ya kutoka mwaloni ni vumbi na mawe, na kila jiwe nililisikia kwenye vidole vyangu kabla gari halijalikanyaga. Nilikuwa sitazami uso wake. Nilitazama tumbo lake, jinsi linavyopanda na kushuka, na nilikuwa nahesabu. Mara moja likachelewa kupanda. Nikapiga bati mara moja, mzee akasimama, nikasubiri, likapanda, nikapiga mara mbili.

"Dokta, mikono yangu iko wapi?"

"Iko hapa, imefungwa. Usijaribu kuisogeza."

"Naijaribu. Haisogei."

"Basi usiijaribu."

"Usimwambie mama."

"Nyamaza upumue."

Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni, yanaingia masikioni na kwenye vidole vyangu, na sikuweza kumfuta kwa sababu sikuwa na mkono wa kuachia.

Tulipofika lami, nahodha akainama karibu na sikio langu. Alikuwa bado hana shati.

"Tutasema aliteleza bafuni, kambini," alinong'ona. "Dokta, unaelewa? Wakijua ni ziwani, mkataba wake umekwisha leo. Na wewe ulikuwepo."

Sikumjibu. Ninakiri kwamba sikumjibu kwa sababu sehemu yangu moja ilikuwa inakubaliana naye. Hiyo "na wewe ulikuwepo" iliniingia. Nilimwona katibu, nikaona makaratasi, nikaona nikirudi nyumbani kumwambia mume wangu sina kazi. Huku nimeshika kichwa cha mtu asiyesikia mwili wake, nilikuwa na nafasi ya kujiogopea mwenyewe.

Hospitali walitupokea haraka. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa rika langu, ana kalamu sikioni. Akaniangalia nilivyokishika kichwa, akaelewa, akamwita muuguzi alete kola ya shingo. Wakati wanamfunga akauliza bila kuinua macho, "Ameumiaje?"

"Ameteleza bafuni," nahodha akasema. "Kwenye vigae."

Daktari akamtazama nahodha asiye na shati, suruali inachuruzika maji. Akapitisha kidole nyuma ya sikio la kipa, akautazama mchanga. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada, naona wewe unaijua kazi hii. Nataka kujua nguvu imeingilia wapi. Mtu akiteleza, ni jambo moja. Akiangukia utosi, ni jingine. Ameumiaje?"

Nilisikia nahodha anavuta pumzi.

"Ameruka ziwani kutoka kwenye jiwe," nikasema. "Kichwa kimetangulia. Maji yalikuwa machache. Nilikuwepo."

Nahodha akasema, "Dokta!" kama mtu aliyepigwa. Ila winga akasogea akampa daktari simu yake. Daktari akaitazama ile video mara mbili. Mara ya pili aliisimamisha mahali fulani, akaisogeza mbele na nyuma kwa kidole. Mimi nilitazama ukuta. Sauti ya winga ilitoka kwenye simu, "Penalti! Kona ya kushoto!" na kicheko cha kipa.

"Basi," daktari akasema. "Mpelekeni CT scan, na asiinuliwe na mtu yeyote bila mimi."

Mfupa wa tano wa shingo ulikuwa umepondeka. Kipande kilikuwa kimesogea nyuma, kimeubana ule mshipa mkuu, lakini hakikuukata. Walipotuambia hivyo jioni, korido nzima ya wachezaji wakubwa wakubwa ilikaa chini sakafuni. Daktari hakutuahidi kitu. Alisema atafanyiwa upasuaji, na kwamba kilichobaki kitajulikana siku kwa siku.

Mama yake alifika kesho yake na kivuko cha asubuhi. Nilimtambua kwa urefu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, nikasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama fulana ya klabu. "Wewe ndiye dokta wao?"

"Ndiyo, mama."

"Nimeambiwa ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulimzuia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa matusi, hata kwa kupigwa. Swali lile dogo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Hapana, mama. Sikumzuia."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kunilaani, kama mtu anayehakikisha amesikia sawasawa. Akaingia wodini. Sikulala siku nyingi baada ya hapo, na nilipopitiwa na usingizi nilikuwa nashika kitu, na kukiogopa, na kuamka vidole vimekakamaa. Mume wangu alijifunza kunikunjua kimoja kimoja.

Klabu iliniandikia barua ya onyo, nikaisaini. Nahodha hakunisemesha kwa wiki tatu. Alikuja mezani kwangu akiumwa nyonga, akalala kifudifudi, nikamchua, akaondoka. Siku moja, akiwa amelala hivyo hivyo, akasema kuelekea sakafuni, "Nilitaka kumvuta kwa kifua."

"Najua."

"Ningemuua."

"Ulinisikiliza," nikamwambia. Akalia. Nikaendelea kumchua nyonga kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Kila siku baada ya mazoezi nilikwenda hospitali. Mwenyewe nilimkunja na kumkunjua kipa viungo vyake, magoti, viwiko, vifundo, nikimweleza ninachokifanya ili akili yake isivisahau. Kwa siku kumi na moja ilikuwa kama kufanya mazoezi na mtu aliyelala. Nilikuwa naogopa kuingia wodini na kuogopa kutoka. Siku ya kumi na mbili nikiwa namsimulia upuuzi fulani wa kambini, kidole gumba cha mguu wa kulia kikajikunja. Nilidhani nimekisogeza mimi.

"Rudia," nikamwambia.

"Nirudie nini?"

"Kile ulichofanya."

"Sijafanya kitu."

Kikajikunja tena. Nikamwita mama yake aliyekuwa dirishani, akaja akapiga magoti, uso wake karibu na kile kidole, na tukakaa watu watatu tunakitazama, hakuna anayethubutu kupumua kwa nguvu.

Wiki kadhaa baadaye, alipoweza kukaa, nilimuuliza swali lililokuwa linanikera. Mama yake alikuwa ametoka kwenda kufua.

"Wewe unatapika kabla ya mechi. Unaogopa mpira. Pale juu ya jiwe hukuogopa?"

Akatazama kwanza mlango aliotokea mama yake.

"Niliogopa. Ila Dokta, uwanjani naogopa dakika tisini. Nikikosea, nakwenda kulala na woga, naamka nao, mtu wa duka ananikumbusha. Pale juu unaogopa kidogo tu, halafu unaruka, imekwisha. Unatoka majini mwepesi." Akajaribu kuinua mkono wa kushoto, ukaishia nusu. "Sijui kama unanielewa."

Nilimwelewa, na hilo lilinitisha kuliko yote aliyowahi kuniambia, kwa sababu nilijua wale wengine watano nao walitoka majini wepesi siku ile, kabla yake, na kwamba wangetaka tena.

Alitembea. Kwanza kwa kushikwa pande mbili, kisha kwa fremu ya kutembelea, kisha kwa fimbo, kisha bila. Mkono wa kushoto haukurudi wote. Unashika kikombe, haushiki mpira unaokuja kwa kasi. Msimu ulipoisha klabu ilisoma majina ya wanaoendelea na lake halikuwemo. Hakuna aliyeshangaa, hata yeye. Akarudi Ukerewe.

Nilikwenda kumtembelea mwaka jana, wakati timu ilipokuwa mapumziko. Nilivuka na kivuko nikiwa nimekaa katikati kabisa, mbali na kingo, nimeshika chuma. Nilimkuta ameoa, na yeye na mke wake wana duka la vifaa vya shule karibu na soko. Amenenepa kidogo. Anapogeuka kukuangalia anageuza mabega yote, kwa sababu ile shingo ina vyuma. Tulizungumza kuhusu ligi. Alikuwa na maoni makali juu ya kipa mpya, na nilifurahi kuyasikia.

Mama yake alipika ugali wa muhogo na samaki wa kukausha, akanijazia sahani mara mbili. Hakulitaja jambo lile mchana wote. Nilikula nikimwogopa. Saa ya kuondoka alinisindikiza mpaka gatini, amenishikia mfuko wa machungwa aliyonifungia, na tukasimama kusubiri kivuko.

"Bado uko na timu?" akaniuliza.

"Bado, mama."

"Wale wengine bado wanakwenda kule kwenye mawe?"

Nilitaka kusema hapana. "Wanakwenda. Si kila wiki. Wakijua nimetoka."

Akauhamishia mfuko mkono wa pili.

"Waambie," akasema.

"Ninawaambia, mama. Nawafokea. Hawanisikii."

"Najua hawasikii. Na huyu wa kwangu nilimwambia toka ana miaka minne." Akanikabidhi mfuko. "Waambie hivyo hivyo."

Nikamuaga kwa shikamoo, akaitikia, nikapanda. Machungwa yalikuwa mazito na mfuko ulikuwa umechanika pembeni, nikayashika kwa mikono yote miwili mpaka Mwanza.